Shuleni hatulii, nyumbani hasogei

SWALI

Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka minne na nusu, yupo chekechea hapa Dar. Anaamshwa saa 11 alfajiri, basi la shule linampitia saa 11:45, shuleni anafika saa 1:15 hivi. Wanatoka saa 8 mchana na nyumbani anafika saa 9:30. Mimi na baba yake tunarudi usiku, kwa hiyo anashinda na dada wa kazi. Tunakaa ghorofa ya tatu. Analala saa 4 usiku. Mwalimu wake ameniita na kuniambia mtoto hatulii kwenye kiti, anasumbua wenzake, nimtafutie ushauri. Cha ajabu, wikendi akiwa nyumbani hasogei, yuko kwenye kochi na simu. Lakini tukimpeleka kwa bibi yake Bagamoyo hashikiki, ni mbio kutwa nzima, na saa 2 usiku ameshalala bila hata kubembelezwa. Baba yake anasema tumwandikishe kuogelea, au tumnunulie saa ya kuhesabu hatua. Mtoto wa umri huu anatakiwa acheze kiasi gani? Na huyu wangu ana tatizo?
Mama wa binti mmoja, Tabata

JIBU

Marahaba, mama. Kwa maelezo uliyonipa sioni dalili ya ugonjwa kwa binti yako. Ninachokiona ni mtoto mmoja mwenye siku za namna tatu: siku ya shule, siku ya kochi na siku ya Bagamoyo. Mwili ni ule ule, lakini kila mahali unakutana na mtoto mwingine kabisa. Hilo peke yake limeshajibu nusu ya swali lako, na ndilo ambalo watafiti wanaopima uchezaji wa watoto wadogo wamekuwa wakilikuta kwa miaka zaidi ya ishirini sasa. Katika umri huu, mtoto anacheza kiasi gani ni jambo linaloamuliwa na mahali alipo na ruhusa aliyopewa, kuliko tabia aliyozaliwa nayo.

Tuanze na kiasi, maana umeuliza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na liliupanga kwa saa zote 24, mchana na usiku pamoja. Kwa mtoto wa miaka mitatu na minne unasema hivi: apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na katika hizo 60 ziwe za nguvu, zile za kumtoa jasho na kumfanya aheme. Asibanwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kwenye kigari, kwenye kiti cha kufungwa mkanda au mgongoni kwa mtu. Muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Na alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo.

Wazazi wengi wakisikia dakika 180 wanashtuka. Saa tatu za mazoezi, mtoto wa miaka minne? Wanapata picha ya mtu mzima anayekimbia ufukweni Coco asubuhi. Hizo siyo saa tatu za namna hiyo. Kupanda ngazi kunahesabiwa, kwenda dukani kwa miguu kunahesabiwa, kumsaidia dada kubeba nguo za kuanika, kucheza muziki sebuleni, kumfukuza kuku, yote yamo. Na hakuna mtoto wa umri huo anayezifanya kwa mkupuo.

Hapo kwenye mkupuo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mwalimu wake alipokwama. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti mmoja wa Marekani ambao watafiti waliwafuata watoto 15 wa miaka 6 hadi 10 na kuandika walichokuwa wakifanya kila baada ya sekunde 3. Kwa kawaida, mkupuo mmoja wa kucheza kwa nguvu ulidumu sekunde 3. Ndiyo, sekunde tatu. Shughuli za nguvu ndogo na za kati zilidumu sekunde 6 hivi, kisha mtoto anageukia kitu kingine. Asilimia 95 ya mikupuo ya nguvu iliisha kabla ya sekunde 15. Na hao ni wakubwa kuliko wako.

Kaa siku moja ukingoni mwa uwanja wa chekechea utazame mtoto mmoja tu, usihangaike na wengine. Anakimbilia mpira, kabla hajaufikia ameona sisimizi, amechuchumaa. Ananyanyuka, anaruka mara mbili papo hapo bila sababu yoyote, anamvuta mwenzake sketi, wanakimbizana hadi kwenye mwembe, anasimama kushika shina, anazunguka mpaka anapata kizunguzungu, anaanguka, anacheka. Yote hayo hayajamaliza dakika moja. Ndiyo maana vile vipimo vidogo vya mwendo ambavyo watafiti huwafunga watoto kiunoni, vyenye ukubwa wa kiberiti hivi, kwa watoto wa umri huu husomwa kwa vipande vifupi kama vya sekunde 15. Ukijumlisha dakika nzima unapata wastani, na zile mbio zote zinamezwa na kule kuchuchumaa. Mtoto aliyecheza kweli anaonekana kama aliyekuwa amesimama tu.

Kwa hiyo mwalimu anaposema binti yako hatulii, mimi huuliza kwanza: hatulii kwa muda gani? Kama anatakiwa akae kwenye kiti dakika arobaini akinakili herufi, basi kutotulia ndiyo hali ya kawaida ya umri wake, na anayetulia muda wote huo ndiye ningemtazama mara ya pili.

Wazazi wengi pia wanaamini kwamba mtoto akiwa chekechea anacheza kutwa, kwa hiyo hawana wasiwasi na siku za shule. Vipimo havisemi hivyo. Mwaka 2004 Russell Pate na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 281 kutoka shule 9 za awali waliovaa vipimo. Kwa wastani, kucheza kwa nguvu kulichukua kama dakika 7 hadi 8 tu za kila saa. Sehemu kubwa ya saa ilikwenda kwenye kukaa. Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba shule aliyosoma mtoto ilikuwa kigezo kikubwa cha kutabiri atacheza kiasi gani. Jirani wawili wa umri mmoja, ukiwapeleka shule mbili tofauti, unapata watoto wawili tofauti.

Miaka mitano baadaye, kundi hilo hilo lilichapisha kazi nyingine ambapo watu walioandaliwa walikaa shuleni na kuandika kwa macho mtoto anafanya nini. Kwa jumla, asilimia 89 ya vipindi walivyoviandika, mtoto alikuwa ametulia: amekaa, amesimama, amelala. Asilimia 3 tu ndiyo ilikuwa ya kucheza kwa nguvu. Ndani ya darasa hiyo asilimia ya nguvu ilishuka hadi 1. Walipotoka nje ilipanda hadi 17. Mtoto yule yule, mwalimu yule yule, asubuhi ile ile; kilichobadilika ni kwamba wamevuka mlango. Ingawa hata huko nje, zaidi ya nusu ya vipindi walikuwa wametulia, maana kutolewa nje siyo sawa na kupewa kitu cha kufanya.

Kuhusu hilo la kitu cha kufanya, mwaka 2009 pia kikundi hicho kililinganisha shule zenye watoto wanaocheza sana na zile zenye watoto wanaokaa. Shule za wachezaji zilikuwa na viwanja vikubwa zaidi na muda mchache wa televisheni, na zilikuwa na vifaa vingi vya kubebeka, yaani mipira na vitu vya kusukuma, kuliko vile vilivyosimikwa ardhini. Nalisema hili kwa sababu najua jinsi wazazi tunavyochagua shule: tunaona bembea za rangi na mtelezo wa plastiki getini, tunalipa ada. Bembea mbili kwa watoto arobaini maana yake ni foleni. Mipira kumi ya bei ndogo ingewakimbiza wote.

Huko ni Marekani, utasema. Kweli, na darasa la hapa kwetu lina mambo yake: watoto ni wengi, eneo ni dogo, na wazazi wenyewe tunadai daftari lililojaa. Nimeona chekechea ambayo mtoto wa miaka minne anapewa kazi za nyumbani kurasa tatu, na mzazi analalamika kwamba ni chache. Ilhali mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa 2016 ulijengwa juu ya kujifunza kwa vitendo na michezo, na kutunza afya kulikuwa mmojawapo wa umahiri wake sita. Jirani zetu Kenya nao, katika mtaala wao wa 2017, waliweka shughuli za viungo na ubunifu kama eneo la kujitegemea katika PP1 na PP2, madarasa yao mawili ya awali. Kwenye karatasi tuko vizuri.

Sasa tuifungue siku ya binti yako. Saa 11:45 hadi saa 1:15 ni saa moja na nusu kwenye basi. Saa 8 hadi saa 9:30 ni saa moja na nusu nyingine. Jumla saa tatu kila siku amefungwa kwenye kiti, na kila safari imezidi ile saa moja ya mfululizo. Halafu anashuka kwenye basi na kuambiwa akae kwenye kiti kingine. Mwalimu anakutana na mtoto ambaye ameshamaliza akiba yake ya kukaa kabla ya kengele kulia, na mwalimu hana kosa, kwa sababu haoni basi.

Lakini kuna kubwa kuliko basi, na hukuliuliza. Kulala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri ni saa 7. Hata kama shuleni anasinzia saa nzima, anapata 8, na kiwango cha chini kabisa kwa umri wake ni 10. Mtu mzima akikosa usingizi anazubaa na kupiga miayo. Mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume: anakuwa na fujo, analia kwa jambo dogo, anagusa kila kitu, hamalizi alichoanza. Ukiniletea mtoto wa namna hiyo kliniki na kuniuliza kama ana ule ugonjwa wa kutotulia unaosikika sana siku hizi, siwezi hata kuanza kufikiria jibu mpaka alale vya kutosha kwa wiki kadhaa. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba Bagamoyo analala saa 2. Usingizi anao. Kwa upande mmoja anachoka kwa kucheza, kwa upande mwingine hakuna taa na simu za kumshikilia macho mpaka wazazi warudi.

Najua kinachofanya alale saa 4. Mnarudi usiku, anawasubiri, nanyi mnataka kumwona. Ni jambo la upendo na sitalikejeli. Lakini saa 2 usiku hadi saa 11 ni saa 9, ukiongeza na saa moja ya shuleni unafika 10. Hiyo ndiyo hesabu pekee inayotoka kwa ratiba yenu ya sasa, na maana yake ni kwamba siku nyingi mtamkuta amelala. Vinginevyo ni kuibadilisha asubuhi. Ulizia kama yeye ndiye wa kwanza kuchukuliwa kwenye njia ya basi na kama anaweza kuwa wa mwisho. Au, na hili nalisema bila kumung'unya maneno, tafuta chekechea ya karibu. Kwa mtoto wa miaka minne shule ya mtaani yenye uwanja wa mchanga na mwalimu mchangamfu inaishinda shule ya mbali yenye jina. Wengi hawapendi kusikia hivyo kwa sababu wameshalipa.

Tuje kwenye kochi. Pale nyumbani usimlaumu mtoto, na usimlaumu dada wa kazi pia. Fikiria kazi uliyompa: mtoto asianguke ngazini, asigongwe na gari hapo chini, asipotee, asijichafue, na wali uwe umeiva. Katika hali hiyo simu ndiyo kifaa salama kuliko vyote alivyonavyo. Haitoki damu. Wazazi wengi wanakataza simu bila kumwambia dada afanye nini badala yake, na kwa hakika bila kumwambia kwamba mtoto akirudi na goti limechubuka hatagombezwa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwambie kwa mdomo wako, mbele ya mtoto: kuanzia saa 10:30 hadi saa 12 jioni mko chini, akianguka ni sehemu ya mchezo, nguo zitafuliwa.

Na nguo zenyewe. Tuna tabia na watoto wa kike ambayo inaanza mapema sana kuliko tunavyodhani. Katika tafiti nyingi wasichana wanaonekana kucheza kwa nguvu pungufu ya wavulana hata wakiwa chekechea, na sidhani kama yote hayo ni maumbile. Tunawavalisha sketi ya kubana, soksi nyeupe na viatu vya kuteleza, tunawasuka nywele Jumamosi kwa saa mbili, halafu tunawaambia wasiingie kwenye mchanga. Mwana wa kiume akipanda ukuta ni dume, wa kike akipanda anaambiwa akae vizuri. Mpelekee binti yako shuleni kaptura ya kuvaa ndani ya sketi na raba zinazoshika mguu. Kandambili ziache ziwe za kuogea, hazikimbiliki.

Kuna utafiti wa zamani ambao napenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, akifuatilia watoto wachanga. Watoto wa pale walikaa na kutembea mapema, kama mwezi mmoja mbele ya watoto wa Marekani, na kabla yake watu walikuwa wakisema ni kuzaliwa tu, ndivyo Waafrika walivyo. Super akaona mama zao wanawafundisha: mtoto anachimbiwa kishimo kidogo ardhini, anawekewa nguo pembeni ili asianguke, anakalishwa kila siku, miguu nayo inazoezwa. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwa mbele. Mwili hukua kuelekea pale unaporuhusiwa na kusukumwa. Kwa wakubwa ni vile vile. Mtafiti Robert Ojiambo na wenzake walipowapima vijana wa Nandi, Kenya, kwa vipimo vya mwendo, kazi iliyochapishwa 2012, wa vijijini walikuwa na mwendo zaidi ya wenzao wa mjini.

Kwa hiyo ile Bagamoyo yenu si likizo tu, ni kipimo. Jiulize kuna nini kule ambacho Tabata hakuna. Siyo hewa ya bahari. Mlango uko wazi na ardhi iko usawa wa mlango. Kuna binamu wa miaka saba na kumi anaowakimbilia. Mtoto mdogo akichanganywa na wakubwa hukimbia maradufu ili asiachwe kwenye kombolela au rede. Bibi amekaa kibarazani anachambua mchele, anatupa jicho mara moja moja, hasimamii mchezo wala hausimamishi. Na kuna vijikazi: lete kidumu, mpelekee babu maji, kamata huyo kuku.

Baadhi ya hayo yanahamishika. Ghorofani kwenu hakukosekani watoto wengine wa umri wa shule ya msingi wanaorudi saa 9 au 10. Zungumza na mama zao, mkubaliane watoto wote wateremke saa fulani, dada mmoja au wawili wakae nao kwa zamu. Eneo la kuegesha magari linatosha kama wenye magari hawajarudi na geti limefungwa. Kama geti halifungwi, afadhali uwanja wa msikiti au kanisa la jirani, magari ya mjini si ya kufanyia mzaha. Peleka mpira mmoja na kamba. Usipange mazoezi, watapanga wenyewe, na wakianza kugombana usikimbilie kuamua.

Saa nimeichagua kwa makusudi. Kuanzia saa 6 hadi saa 9 mchana, hasa miezi ya Desemba hadi Machi, jua la Dar halimfai mtoto kukimbia ndani yake. Jioni ni bora. Awe na chupa ya maji na ainywe hata kama hajaomba, wakinogewa huwa hawaombi. Masika yakianza, toeni meza ya sebuleni, tandika mkeka, washa muziki. Nusu saa ya kucheza ngoma na kuruka kutoka mto hadi mto inamtoa jasho kuliko anavyotoka akiwa nje anashangaa. Wa ghorofa ya chini atalalamika, mpelekee sambusa.

Kwa mwalimu wake, nenda, lakini usiende na malalamiko. Mweleze habari ya basi na ya usingizi, atakushukuru. Kisha muombe mambo mawili. La kwanza, watoto wakifika waachwe wakimbie nje dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuketishwa. Sisi tuliosoma enzi za mchakamchaka tunajua darasa lilivyokuwa baada yake, ingawa kwa hawa wadogo sitaki safu wala nyimbo za kuamrishwa, waachwe tu. La pili, kama mapumziko ni moja refu, yagawanywe mara mbili au tatu. Watoto hukimbia zaidi dakika za mwanzo wanapotoka, kisha kasi inashuka. Ukiwatoa mara tatu unapata mianzo mitatu kwa muda ule ule. Mwalimu mwenye watoto wengi atakwambia kuwatoa na kuwarudisha ni shughuli, na ni kweli, ndiyo maana nasema muombe. Kitu kimoja umsihi kwa nguvu zaidi: asimnyime mapumziko kama adhabu ya kutotulia. Hiyo ni kumfungia mtoto dawa yake.

Kuogelea. Baba yake ana wazo zuri kwa sababu ambayo pengine hakuifikiria. Kama mazoezi, somo la saa moja kwa mtoto wa miaka minne ni kuvua, kuvaa, kusubiri zamu ukingoni huku anatetemeka, na dakika chache majini. Haliwezi kuchukua nafasi ya jioni tano za kucheza chini. Lakini mtoto ambaye bibi yake anakaa Bagamoyo atakuwa karibu na bahari maisha yake yote, na kujua kuogelea ni jambo la uhai. Shirika la Afya Duniani linahimiza watoto wafundishwe kuogelea na usalama wa majini kuanzia kama miaka 6. Mkianza sasa kwa kumzoesha maji hakuna ubaya, mkisubiri mwaka na nusu hamjachelewa. Kwa vyovyote, ufukweni mtu mzima awe anamfikia kwa mkono.

Nimesema sioni ugonjwa, lakini mimi nimesoma barua tu. Mpeleke hospitali bila kusubiri kama ukimtazama akicheza na wenzake unaona anahema kwa shida wakati wao wanaendelea, midomo inabadilika rangi, anakohoa usiku au baada ya kukimbia, anachechemea, au anaanguka anguka kuliko wengine. Mkalishe sakafuni umwambie asimame haraka: akijiinua kwa kushika magoti na mapaja kama anayejipanda mwenyewe, misuli ichunguzwe. Na yule mtoto aliye mtulivu kila mahali, ambaye wazazi hawamlalamikii, ndiye ninayemwogopa zaidi kwa upande wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Mtoto mwenye damu pungufu hachezi, na watu humsifu kwa adabu. Binti yako anayekimbia kutwa Bagamoyo hanipi wasiwasi huo, ila kupima damu ni jambo dogo, mkipita kliniki ombeni. Kama ana pumu au siko seli, acheze pia, kwa maji mengi, mapumziko ya mara kwa mara na maelekezo ya daktari wake.

Saa ya kuhesabu hatua msinunue. Zile zimetengenezwa kwa mwendo wa mtu mzima, na mtoto akikaa kwenye kochi akitikisa mkono zinaweza kuhesabu hatua. Kuchuchumaa, kupanda na kuning'inia haziyajui. Chukua daftari, mpe dada wa kazi, kwa wiki moja aandike mambo manne tu: saa waliyotoka nje, saa waliyorudi, alikuwa na nani, na saa aliyolala. Siku akiwa Bagamoyo bibi naye aulizwe hayo hayo kwa simu. Mkirekebisha muda wa kulala na mkapata hizo jioni, mpeni wiki nne au sita kabla ya kumuuliza mwalimu anaonaje. Kama bado hatulii hata kwenye hadithi anayoipenda mwenyewe, shuleni na nyumbani na kwa bibi pia, niandikie tena, na uniwekee hilo daftari.